Mvua Inayotitia Maweni

Ukifika Matemwe masika yameshika, utadhani hapa hakuna mtu atakayelalamikia kiu. Mvua hupiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa ishara, na michirizi inajaza kila ndoo na kila beseni lililotegwa uani. Ikikatika, nenda nyuma ya nyumba, pale maweni yanapoanzia. Hukuti dimbwi. Jiwe limelowa tu, na udongo uliokaa ndani ya vitundu vyake ni konzi mbili tatu. Maji yametitia. Hakuna mto wa kuyabeba wala bonde la kuyakusanya. Hata vijito vinavyoshuka kutoka kwenye vilima vya katikati ya kisiwa, baadhi vikigusa jiwe la matumbawe huingia mapangoni na kupotea. Unguja hupata mvua inayokaribia milimita 1,600 kwa mwaka, magharibi wakijaaliwa zaidi kuliko sisi wa mashariki, lakini mwambao wetu unaishi maisha ya nchi kame: kila tone la kunywa hutafutwa chini.

Sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeipitisha nikihangaika na swali moja. Katika mvua ile iliyotitia, kiasi gani kimeyafikia maji ya chini na kuongeza kitu? Kiasi hicho tunakiita ujazo wa asili. Ndicho kinachotakiwa kuamua kisima kipya kichimbwe au kisichimbwe, hoteli ipewe ruhusa ya vyumba vingapi, bomba la kijiji livute saa ngapi kwa siku. Nasema kinachotakiwa, kwa sababu mara nyingi ruhusa hutolewa kwanza na hesabu hufuata, ikiwa itafuata.

Darasa langu la kwanza la jambo hili lilikuwa la bibi yangu mzaa mama. Maji yetu ya kunywa yalitoka kwenye kisima kilichochongwa kwa mtaimbo ndani ya jiwe, mbali kidogo na pwani, kwenye njia ya kuendea kondeni. Hakuna mtu aliyempa bibi kazi ya kukisimamia, na hakuna aliyethubutu kuteka mbele yake nje ya taratibu. Kamba ilikuwa fupi kwa makusudi. Ndoo haikuzamishwa, ililazwa ubavu, ikateka ya juu, ikavutwa. Mtoto aliyeishusha kwa pupa mpaka ikasikika kugonga jiwe chini aliambiwa, "Mjukuu wangu, maji ya chini si yetu." Siku za bamvua alituzuia tusijaze mitungi ya kunywa wakati bahari imejaa, tulingoja maji yatoke. Mwishoni mwa kaskazi, jua linapochoma na mvua za vuli zimeshasahaulika, kila nyumba ilipangiwa zamu, na wenye ng'ombe walielekezwa kisima kingine chenye maji ya chumvichumvi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Na yeye hakueleza.

Maelezo niliyapata baadaye sana, kwa lugha ya vitabu. Chini ya kisiwa kama hiki maji ya mvua hayakai peke yake. Yako juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya jiwe, na kwa kuwa ni mepesi zaidi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi Willem Badon Ghyben, na mwaka 1901 Mjerumani Alexander Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, walifikia kanuni ile ile: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni habari njema mpaka uigeuze upande wa pili. Ukivuta mpaka usawa wa kisima ukashuka sentimita 10 tu na ukabaki hapo, chumvi inapewa nafasi ya kupanda mita 4. Na karibu na pwani, kimo cha maji matamu juu ya bahari huhesabiwa kwa sentimita. Tena hapa kwetu hakuna mstari safi baina ya tamu na chumvi. Jiwe lina matundu na mifereji, bahari inasukuma na kuvuta kila siku, kwa hiyo katikati pana tabaka nene la mchanganyiko. Kamba fupi ya bibi ilikuwa inatuweka juu ya tabaka hilo. Pampu inayoshushwa mpaka ndani kabisa, ili "isikose maji", inatupeleka humo humo.

Wenzetu wa Mjini walipata bahati nyingine. Upande wa magharibi una udongo mzito na chemchem, na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa Mji Mkongwe maji kwa mabomba kutoka chemchem zilizo nje ya mji. Hadithi ya maji ya Zanzibar husimuliwa sana kuanzia hapo, kwa mabomba na mifereji ya Sultani. Huku mashariki hapakuwa na chemchem ya kuvutwa. Palikuwa na visima vya maweni, mapango yenye maji na nidhamu.

Nilipopelekwa bara kujifunza vipimo, nilifikishwa Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Kwa mtoto wa pwani ile ni dunia nyingine: vumbi, mibuyu, mashamba ya zabibu, upepo usio na harufu ya chumvi. Mji wa Dodoma unakunywa kutoka kwenye visima vya bonde lile, na visima hivyo vina kitu ambacho sijakiona kwingineko katika nchi yetu: kumbukumbu ya usawa wa maji inayoanzia miaka ya 1950. Watu walipishana kazini, serikali zikabadilika, na bado mtu akashusha kipimo kisimani na kuandika namba.

Nilioneshwa mchoro wa namba zile umetandikwa juu ya meza. Nilitegemea kuona mstari unaopanda kila mwisho wa mvua na kushuka kila kiangazi. Niliona mstari unaoshuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, misimu ya mvua ikipita juu yake bila ya kuugusa. Kisha ghafla unapanda kwa kishindo, halafu unaanza tena kushuka. Kipando kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mvua za El Niño za 1997 na 1998, zile zilizobomoa madaraja na reli na kuwaacha watu bila makazi. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, akiwemo Lister Kongola aliyekuwa Wizara ya Maji ya Tanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu ile ya miaka 55. Walithibitisha kilichokuwa kikionekana kwa macho: bonde lile halijazwi na mvua ya kawaida. Linajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, yenye uhusiano na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, na baina ya msimu mmoja na mwingine inaweza kupita miaka mingi.

Sisi tumelelewa na methali ya haba na haba. Makutupora methali hiyo haifanyi kazi. Haba ya mwaka wa kawaida inaishia kwenye udongo, mizizi inainywa, jua linaimalizia. Inayojaza ni gharika. Tangu siku ile neno wastani likitajwa bila maelezo hunitia wasiwasi. Mtu akisema bonde hupata milimita kadhaa za ujazo kwa mwaka, amechukua mwaka mmoja wa neema na kuugawa juu ya miaka mingi ya patupu. Hesabu iko sawa kwenye karatasi, ila anayekunywa maji hanywi wastani. Ananywa kilichopo mwaka huo.

Niliporudi Unguja nilikuwa na hamu ya kupima kila kitu. Njia za kukadiria ujazo ni nyingi, na kila moja ina kona inayojificha. Rahisi kuliko zote kwa karatasi ni ya kloridi, ile iliyomo katika chumvi ya kawaida, inayotumika sana katika nchi kavu. Mvua huja na chumvi kidogo kutoka baharini. Maji yanapofyonzwa na mimea au kukauka kwa jua, chumvi haiendi nayo. Hubaki na kushuka na kile kidogo kilichosalia. Kwa hiyo kadiri maji ya chini yanavyokuwa na kloridi nyingi kuliko mvua, ndivyo mvua nyingi zaidi ilivyopotea njiani. Tuchukue mfano: mvua ina miligramu 10 kwa lita na kisima kina 50. Basi moja ya tano tu ya mvua ndiyo iliyofika.

Dodoma, mbali na bahari, hesabu hiyo inaheshimika. Ilete Matemwe uone. Kusi linavuma kutoka baharini na kurusha rasharasha la chumvi juu ya majani, juu ya mabati, juu ya jiwe lenyewe, na mvua ya kwanza inaiosha yote na kuipeleka chini. Kisha kuna chumvi inayopanda kutoka bahari iliyo chini ya kisima. Kipimo kinasoma kloridi. Hakikwambii imetoka juu au imetoka chini. Ukichukua namba ya kisima cha pwani ukaiingiza moja kwa moja kwenye kanuni, utapata ujazo mdogo kuliko wa kweli, na utaufikiria kuwa ukame kumbe ni bahari. Ndiyo maana nimekuwa nikisisitiza kwamba sampuli za njia hii zichukuliwe ndani, mbali na ufukwe, na mvua ipimwe chumvi yake pale pale panapochukuliwa sampuli, mwaka mzima, si msimu mmoja.

Njia ya pili ni ya kusoma usawa wa kisima, na hii ndiyo niliyoipenda. Tepu ya chuma unaipaka chaki kwenye ncha, unaishusha mpaka mita kamili ifike kwenye ukingo wa kisima, unaitoa. Chaki iliyolowa imegeuka rangi. Unatoa urefu uliolowa kutoka kwenye ule ulioshushwa, na unajua maji yako wapi kwa usahihi wa milimita chache. Hakuna betri wala waya wa kukatika. Kikubwa ni kuwa na subira na mkono mkavu, kwa sababu tone moja la jasho likishuka juu ya chaki linaharibu kila kitu.

Kwenye maweni chaki ile ilinifundisha kwanza habari za bahari, kabla ya habari za mvua. Kisima kilicho karibu na ufukwe hupanda na kushuka na maji ya bahari, kwa kuchelewa, na kwa kimo kidogo kuliko cha baharini. Siku za maji mafu hucheza kidogo. Siku za bamvua hucheza sana, na mapigo hayo yakipita ndani ya lile tabaka la mchanganyiko hulikoroga. Hapo ndipo amri ya bibi ya kungoja bahari itoke iliponikaa sawa. Basi mtu akija kupima asubuhi bahari imejaa, akarudi baada ya masika jioni bahari imekupwa, anaweza kuandika kwamba mvua yote ile haikuongeza kitu. Akigeuza saa za ziara zake ataandika neema isiyokuwepo. Saa ya kupima ina uzito sawa na kipimo chenyewe. Kwenye daftari zangu kila namba ina jirani yake: bahari ilikuwaje.

Na hata ukishaondoa bahari, bado kuna jiwe. Kupanda kwa maji kwa sentimita 20 maana yake ni ujazo mkubwa au mdogo kutegemea na nafasi iliyomo ndani ya mwamba. Maweni hayana tabia moja. Visima viwili vya majirani, kimoja kimeangukia kwenye ufa na kingine kwenye jiwe gumu, hupokea mvua moja na kujibu kwa namna mbili tofauti kabisa. Anayetaka namba moja ya Matemwe nzima kutoka kwenye kisima kimoja anataka kisichowezekana.

Lakini ujazo hauonekani visimani peke yake. Unaonekana ukiondoka. Bahari ikitoka sana, nenda ufukweni baada ya masika mazuri. Kwenye mstari ule ambapo mchanga unakutana na sakafu ya jiwe kuna sehemu zinazotiririka hata jua linapokuwa utosini, vijifereji vyembamba vinavyochora mchanga kuelekea baharini. Kina mama wa mwani wanavijua. Wanapokwenda kufunga mbegu kwenye vigingi, maji yaliyobaki ndani ya mwamba yana joto, na ghafla mguu unakanyaga ubaridi. Onja: si tamu, lakini si bahari. Ni mvua yetu inaondoka, ikiwa imekwisha kuchanganyika. Kiangazi kikishika, ubaridi ule unapungua.

Watu wengi, na baadhi yao ni wakubwa wenye mamlaka ya kutoa vibali, wakioneshwa vijifereji vile husema, "Angalieni maji yanavyopotea. Tungeyavuta yote." Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Maji yale yanayoondoka ndiyo yanayoisukuma bahari nje. Yakikoma, bahari inaingia. Wa Oman wanalijua hilo kwa machungu. Jamaa zetu walioko kule wametusimulia habari za Batinah, pwani ya mitende, ambako pampu zilivuta zaidi ya kilichoingia mpaka visima vikageuka chumvi na mashamba yakafa yamesimama. Nchi ile ilijenga mabwawa ya kujazia ardhi, la Al Khoud la mwaka 1985 likiwa miongoni mwa ya mwanzo, ya kuzuia mafuriko ya wadi, yaani mabonde makavu yanayopitisha maji mvua ikinyesha, tope likae chini, kisha maji safi yaachiwe taratibu yazame. Ni kazi ya kupongezwa. Ila wao wana wadi na changarawe. Sisi mvua yetu inazama yenyewe, bila ya bwawa. Tunachoweza kukisimamia hapa ni uvutaji. Na kiwango cha kuvuta lazima kiwe chini ya ujazo, chini kwa kiasi cha kuiachia bahari haki yake.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu mambo haya yakizungumzwa bila tarakimu hugeuka nasaha. Milimita 100 za mvua zikifika chini kwenye kilomita moja ya mraba, ni mita za ujazo 100,000, yaani lita milioni 100. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake juu ya utalii na maji katika pwani hizi hizi za kaskazini na mashariki ya Unguja. Alikuta mgeni mmoja kwa wastani anatumia lita 685 kwa siku, mara nyingi zaidi kuliko mwenyeji, na sehemu kubwa ya maji ya hoteli ilikwenda kumwagilia bustani: majani ya kijani juu ya jiwe lisilo na udongo. Zidisha lita 685 kwa siku 365: kitanda kimoja kinachokaliwa mwaka mzima ni kama lita 250,000. Vitanda 400 vinamaliza lita milioni 100, zote, bila ya kuwaachia wenyeji wala bahari tone. Ni kweli sehemu ya maji hayo hurudi chini, kupitia bustani na makaro. Lakini yanayorudi kupitia makaro, ndani ya jiwe lenye matundu, yanarudi na yaliyomo, na hakuna udongo wa kuyachuja.

Hoteli zimeongezeka tangu wakati ule, na sisi wenyewe pia. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Sheria ya maji ya mwaka 2006 ilituletea Mamlaka ya Maji, na mabomba yamefika vijiji ambako zamani yalikuwa ndoto. Nashukuru kwa kila mama aliyeteremshiwa ndoo kichwani. Ila bomba halina kamba fupi. Halijui kama leo ni bamvua au ni mwisho wa kaskazi, wala halimgombezi mtu.

Karibuni niliitwa na sheha kwenye kikao cha ombi la kisima cha nyumba ya wageni. Kijana aliyeleta ombi alikuja amejiandaa vizuri, kwa heshima zote. "Mzee wangu, tumejaribu pampu kutwa nzima, maji hayakukatika."

"Hayatakatika, mwanangu," nikamwambia. "Maweni yetu hayakaukiwi. Swali ni yatakayokuja baada ya tamu."

Nikamuuliza jaribio lilifanywa mwezi gani. Mei. Bahari ilikuwaje? Hakukuwa na aliyeandika. Chumvi ilipimwa mwanzo wa kuvuta au mwisho? Mwanzo tu. Hapakuwa na hila ndani yake. Fomu haikuuliza mambo hayo, naye alijaza fomu.

Nilichopendekeza hakikumfurahisha kila mtu. Nilitaka visima viwili vya zamani vya kijiji viachwe bila pampu kabisa, viwe vya kupimwa tu, kimoja karibu na pwani na kimoja ndani. Kipimamvua kikae skuli, mwalimu na wanafunzi wakisome kila asubuhi. Chumvi ipimwe juu na chini ya kila kisima, siku za maji mafu, ili bahari isitusemee. Na kibali chochote kiandikwe kwa mwaka mbaya: utavuta kiasi hiki masika yakiwa mema, kiasi hiki yakiwa haba, na yakikosa kabisa utaleta maji kwa gari kama wanavyofanya wengine. Mjumbe mmoja alisema huo ni utaratibu wa kuwafukuza wawekezaji. Mama mmoja wa mwani, aliyekuwa amekaa mlangoni, alimjibu kwamba mwekezaji atakayekimbia kwa kupimiwa chumvi angekimbia pia siku chumvi itakapotoka kwenye bomba la kuogea, na siku hiyo sisi hatuna pa kukimbilia.

Kipimamvua kimeshafungwa skuli. Kisima cha ndani kimekubaliwa kiachwe. Cha pwani bado kina mvutano, kwa sababu kuna familia tatu zinakitegemea kufulia na mpaka zipatiwe bomba sina haki ya kuwanyang'anya. Ombi la nyumba ya wageni limewekwa kando mpaka baada ya vuli, ili lisomwe na vipimo vya misimu miwili pembeni yake. Nimemkabidhi mwalimu tepu na boksi la chaki, na ratiba ya bamvua ya mwaka mzima imebandikwa ukutani juu ya meza yake.